Katambuga la Kushoto la Masanja

Alhamisi, mwezi wa tatu. Mvua ilianza alfajiri, sasa ni saa tisa mchana na bado inanyesha.

Leo sina mteja hata mmoja. Mapipa ya pombe nimeyafunika, mkeka wa karata nimeukunja na kuusimamisha kwenye kona. Nimekaa peke yangu ndani ya kilabu changu, na kazi yangu tangu asubuhi ni kutazama ukuta. Sijala.

Kule chini, karibu na kijito, wanaume wa machimbo haya wanachota maji kutoka kwenye duara la zamani, lile shimo ambalo kamati ililifunga mvua zilipozidi. Ndani ya shimo hilo yumo Masanja. Aliingia Jumatatu jioni. Mimi nilijua kwamba ameingia, na nikanyamaza mpaka jana asubuhi.

Haya, nimeandika. Nilidhani mkono utakataa.

Ningekuwa kule nashika kamba na wenzangu. Asubuhi nilikwenda na ndoo yangu. Mzee Lugembe, mwenyekiti wa kamati ya machimbo, alinitazama, akasema polepole bila hata kupandisha sauti, "Mama Kulwa, rudi kwako. Kamba hii wewe usiiguse." Nilitamani anitukane. Tusi ningelijibu, maana mdomo ninao na wote wanaujua. Lakini mtu anapokwambia neno la haki kwa upole, unajibu nini? Nikageuka na ndoo yangu tupu, na watu wakanipisha njia kana kwamba nina ndui.

Basi, kwa kuwa ndoo wamenikatalia, nashika kalamu. Labda nikiandika yote kwa mpangilio nitapata mahali ambapo ningeweza kufanya vingine. Ingawa mahali penyewe napajua. Napajua vizuri mno.

Nilipotoka Nyahanga, kule Kahama, kuja huku upande wa Geita, sikuwa na mali. Nilikuwa na mtungi wa kupikia pombe ya mtama, na cheti changu cha kufundisha watu wazima kusoma. Watoto wangu mapacha, Kulwa na Doto, niliwaacha kwa mama ili wasome. Watu hapa walinipenda kwa vitu viwili, pombe yangu haina maji mengi, na barua zao nawaandikia bure. Baadaye nikatandika mkeka wa karata, na hapo ndipo kilabu changu kikawa kilabu kweli.

Hapa hatuchezei fedha. Fedha zenyewe zimeadimika, na hata mtu akiwa nazo, dukani sabuni hakuna, sukari hakuna, anazipeleka wapi? Tunachezea mawe. Duara likitoa mawe, kila mchimbaji anapewa mgao wake ndani ya mfuko, na hakuna anayejua mfuko wake una nini mpaka mawe yatwangwe na kuoshwa. Mfuko mmoja unaweza kumjengea mtu nyumba ya bati. Mwingine ukatoa vumbi tu, na mwenye nao akalala njaa. Kwa hiyo anayeweka mfuko wake kwenye mkeka hajui anaweka nini, na ugonjwa unaanzia hapo. Akiupoteza anaamini mpaka kufa kwamba dhahabu yote ya Geita ilikuwa ndani ya mfuko ule ule.

Kila mchezo ukiisha, aliyeshinda ananiachia mimi karai moja la mawe. Hilo ndilo karai la nyumba. Naliandika hapa kwa sababu ni sehemu ya kosa langu na sitaki kulificha.

Serikali inakataza kamari, hilo tunalijua. Lakini serikali iko mbali, na askari wakija, karata zinaingia kwenye pipa la unga na sisi sote tunakuwa watu wa kunywa uji. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutuwekea mipaka, mpaka siku mchimbaji mmoja alipocheza hadi kamba aliyokuwa akishukia shimoni. Kamati ikakutana. Wakasema tukiendelea hivi tutazikana. Wakaweka masharti, na wakanipa mimi niyaandike kwenye ubao kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Ubao huo upo hapa mbele yangu. Karata zinaisha kabla jua halijazama. Hakuna kuweka kamba, nyundo wala tindo. Na mwenye kilabu atawajibika kwa mteja wake mpaka mteja afike kwake salama. Neno "atawajibika" nililichagua mimi. Mzee Lugembe alitaka niandike "atamwangalia". Nikamwambia, mzee wangu, kuangalia hakutoshi, hata kuku anaangalia. Watu wakacheka. Nilijiona mtu mkubwa siku hiyo.

Sharti la makatambuga hatukulitunga sisi. Lilianzishwa na Shija, mchimbaji wa siku nyingi, mtu anayeufahamu udhaifu wake. Siku moja aliingia mchana, mkavu kabisa, hajagusa pombe. Akavua katambuga lake la kushoto, hivi viatu vyetu vya tairi, akaomba msumari na kulipigilia ukutani pangu. Akasema, "Mama Kulwa, nikija tena kutaka karata, usinijibu kitu. Nionyeshe hilo tu." La kulia akampa mkewe alitunze. Na kweli, alipokuja na tamaa zake nikamwonyesha kwa kidole, akatukana, akaondoka zake. Kesho yake akarudi kunishukuru.

Wengine wakafuata. Ikawa desturi, kisha kamati ikaifanya sharti. Mtu ambaye katambuga lake liko ukutani hagawiwi karata, hata akilia. Akitaka kulishusha lazima aje mwenyewe, mchana, hajanywa, pamoja na yule anayetunza la kulia. Mpaka jana yalikuwa kumi na moja. Wageni walikuwa wakiyacheka, wakiuliza kama hapa ni kwa fundi viatu. Mimi nilikuwa nayafuta vumbi kila Jumamosi.

La Masanja ni la saba kutoka mlangoni.

Masanja ni mtu wa Kagongwa. Mrefu, anainama akiingia mlango wangu, na akicheka anashika ubavu. Kiangazi chote alikuwa mgonjwa wa karata. Mgao ukitoka leo, kesho hana. Mkewe, Kabula, akapanda lori na kumfuata huku huku, akajenga kibanda cha nyasi, akawa anawauzia wachimbaji viazi. Hakuja kumfokea, alikuja kukaa naye. Binti yao, Holo, walimwacha kwa bibi yake.

Kabla ya Noeli Masanja aliingia hapa na katambuga mkononi. Akapiga msumari mara moja ukapinda. Akaunyoosha kwa meno ya koleo, akapiga tena, ukapinda tena kidogo, akaona basi na uwe hivyo hivyo. Kabula alisimama nyuma yake ameshika la kulia kifuani. Tangu siku hiyo Masanja hakugusa karata. Alikuwa anaingia, ananunua kibuyu kimoja cha pombe, analisalimia katambuga lake, "Shikamoo mzee," tunacheka, anaondoka. Alikuwa amepanga kwamba mgao huu wa mwisho akiutwanga na kuuosha, wanarudi Kagongwa kulima.

Huo mgao wa mwisho ndio aliokuja nao Jumatatu.

Jumatatu mvua ilikuwa imetufungia siku ya nne. Maduara yamejaa tope, hakuna kazi, hakuna mgao, na kilabu kimepooza. Kulikuwa na watu watatu tu, mnunuzi wa mawe kutoka Geita mjini na wachimbaji wawili, na mchezo wetu hauchezwi bila watu wanne. Mnunuzi alikuwa na mifuko yake imepangwa, amechoka kungoja. Akasema kama hapa hapana watu anahamia kilabu cha ng'ambo ya kijito, kule hawana ubao wala makatambuga, wanacheza tu.

Nataka kujitetea kwamba watoto wangu walikuwa na njaa. Hawakuwa na njaa. Unga ulikuwepo, na mama alikuwa ameniletea salamu kwamba wanaendelea vizuri. Nilichokuwa nacho ni wivu na kile kilabu cha ng'ambo, na hamu ya kuona karai langu likijaa tena. Hayo mawili tu. Yanatosha kumwangusha mtu mzima aliyeandika ubao.

Masanja akaingia kukimbia mvua, mfuko begani, akielekea kwa watwangaji. Mnunuzi akasema, "Huyu hapa wa nne." Masanja akacheka, akaonyesha kwa kidevu, "Mimi niko ukutani, ndugu yangu."

Kisha akanitazama mimi.

Nimelifikiria tazamo lile siku tatu hizi. Mikono yake ilikuwa imeanza kuushusha mfuko begani, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Alikuwa anangoja nimwonyeshe kwa kidole. Ilikuwa zamu yangu. Alishatimiza ya kwake tangu kabla ya Noeli, na sasa alikuwa anangoja ya kwangu.

Nilikuwa nimeshika kanga yangu mbichi, nimetoka kuikamua. Kila kitu tulikuwa tunaanika ndani kwa ajili ya mvua. Nikainuka, nikasema, "Ngoja nianike hii." Nikaenda mpaka msumari wa saba nikaitundika kanga juu ya katambuga lake. Ikalifunika lote.

Sikusema cheza. Ningeulizwa, ningesema sikumwambia acheze, nilianika kanga tu. Nilishaandaa na jibu, unaona? Masanja akatazama pale palipokuwa na katambuga, akatazama mkeka, akaketi.

Hakuchukua muda mrefu. Mfuko ulikwenda. Akabaki anatazama mikono yake, kisha akaanza kufungua kamba ya begi lake la vifaa, akatoa nyundo na tindo na kuviweka mkekani. Hapo nikapaza sauti! Nikasimama katikati ya kilabu, nikaonyesha ubao, nikasema hapa kwangu vifaa haviwekwi, hapa tunafuata masharti. Nasikia aibu kuandika jinsi nilivyojisikia vizuri wakati nasema hayo. Mnunuzi akafunga mizigo yake, karai langu likajaa.

Masanja akaniomba mshumaa. Nikamuuliza wa nini. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Kwenye duara la zamani tuliacha mwamba mzuri sana. Nikijaza mfuko mwingine kabla ya kesho, Kabula hatajua." Nilijua kamati imelifunga. Nilijua maji yanaingia kule kutoka kijitoni. Ningeweza kumkamata shati, ningeweza kumwita Shija ambaye kibanda chake kiko hatua chache kutoka hapa.

Nikampa mshumaa. Nikamwambia, "Angalia tu, kuna utelezi."

Walipoondoka wote nikaishusha kanga. Ilikuwa bado haijakauka.

Jumanne Kabula alianza kuuliza watu. Mmoja akasema ameona mtu mrefu kama Masanja akipanda lori kuelekea Geita. Wengine wakasema bila shaka amecheza mfuko na kukimbia aibu. Wakatuma mtu kwenye barabara kuu akaulize. Mimi nikalikumbatia lile lori. Nikajiambia huenda alibadili mawazo, shimo lilimtisha, akapanda lori kweli. Nilijua uongo huo ni wangu, lakini niliutunza siku nzima. Nilikuwa nawaza kilabu kitafungwa, nitafukuzwa machimboni, nitarudi Nyahanga na mtungi wangu kichwani. Masanja alikuwa ndani ya maji na mimi nilikuwa nawaza mtungi.

Kabula akaja hapa mchana huo, ameloa. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaligusa katambuga, akashusha pumzi. Halafu akanigeukia, akaniinamia kidogo kama mtoto anavyomwamkia mzazi.

"Wabeja, mayo," akasema. Asante, mama. "Wananiambia amecheza. Nimewajibu nendeni mkatazame kwa Mama Kulwa, lipo ukutani. Angalau hilo nina hakika nalo."

Nikamkaribisha uji. Akanywa. Nilimtazama akinywa mpaka akamaliza, akaosha bakuli, akalifunika.

Nimewahi kupigwa na mume, nimewahi kuzika mtoto. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia na ile asante.

Na bado nikanyamaza.

Jana asubuhi akarudi. Aliyetumwa barabarani amekuja bila habari, lori halikuwa na mtu mrefu yeyote. Kabula akaniomba nimwandikie barua mama mkwe wake kule Kagongwa, kumuuliza kama mwanawe amefika. Nikatoa karatasi, nikaketi hapa hapa nilipo sasa. Nikaandika shikamoo mama, nikaandika sisi hatujambo, nikaandika tunauliza habari za Masanja. Kabula alikuwa anasema, mimi naandika, kama tulivyozoea.

Kisha akasema, "Mwandikie hivi, mayo. Mwambie asiwe na wasiwasi, mwanao hakucheza. Katambuga lake lipo, nimelishika kwa mkono wangu."

Kalamu ikasimama.

Barua nimewaandikia watu wengi hapa, nyingine za uongo. Nimewaandikia wanaume kwamba wanarudi mwezi ujao wakati wanajua hawarudi. Uongo wao haukuwahi kunizuia, mimi ni mkono tu. Lakini huu ulikuwa wangu, na yeye ndiye aliyekuwa anaubeba akidhani ni ukweli, anautuma mpaka kwa bibi yake Holo. Nikajaribu kuandika "mwanao". Nikashindwa hata herufi ya kwanza.

Nikamwambia. Sikumtazama, nilikuwa naiambia karatasi. Nikamwambia kanga, nikamwambia mfuko, mshumaa, duara la zamani. Nilipoinua kichwa nilidhani nitakuta mkono wake umeshainuliwa kunipiga. Hakuwepo. Nilisikia miguu yake tu ikikimbia kwenye tope, na sauti yake ikiwaita wanaume.

Walikuta miti iliyofunga mdomo wa shimo imesogezwa. Walikuta kamba imefungwa kwenye mti, na raba zake zilizotoboka zimewekwa pembeni vizuri, moja kando ya nyingine. Chini, maji. Wakaanza kuchota kwa ndoo, kwa madebe, kwa pipa walilolikata. Jioni maji yaliposhuka kidogo, Shija akafungwa kamba kiunoni, akashuka mpaka maji yalipoanzia, akagonga mwamba kwa nyundo. Akangoja. Akagonga tena.

Kukajibiwa. Mara tatu.

Walisema Shija alilia palepale akining'inia. Lile duara lina tundu la pembeni ambalo linapanda juu, wachimbaji wa zamani walifuata mwamba huko, na maji hayajafika. Masanja alikuwa huko. Siku mbili gizani, tangu mshumaa wangu ulipoisha.

Leo asubuhi aligonga tena, mara moja, kwa mbali. Tangu saa nne hajagonga. Shija anasema labda amelala, labda anatunza nguvu. Mzee Lugembe anaagiza ndoo nyingine. Wakichota maji yanashuka, mvua ikiongezeka yanapanda, wanachota tena.

Na katikati ya kazi hiyo, mmoja mmoja, wanapopumzishana, wanakuja hapa.

Shija alikuja wa kwanza. Alikuwa tope mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia, akaenda ukutani, akashika katambuga lake na kuling'oa pamoja na msumari. Nikamwambia, Shija, mkeo hayupo, la kulia haliko hapa, sharti linasema. Nilisema kwa mazoea, mdomo ulitangulia. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniua. "Mama Kulwa," akasema, "sharti lilikuwa wewe. Sasa huu ni ukuta tu."

Baada yake wakaja wengine. Wawili walininong'oneza pole, wengine waling'oa na kuondoka. Kila msumari uliotoka umeacha tundu na udongo kidogo chini. Nimehesabu mpaka la kumi. Najua wengine kati yao ni wadhaifu kuliko Masanja. Najua mvua ikikatika na mgao ukitoka watakwenda wapi, watavuka kijito waende kwa yule asiye na ubao, na hakutakuwa na mtu hata mmoja wa kuwaonyesha kidole. Mimi ndiye niliyewatoa ukutani. Nilidhani nimemfunika mmoja.

Saa sita Mzee Lugembe ametuma neno. Kamati itakaa mambo haya yakiisha, lakini nisitandike tena mkeka, na nianze kufunga vitu vyangu. Nimejibu ndiyo. Hicho ndicho nilichokiogopa Jumanne yote, hicho ndicho nilichokiwekea mtu rehani, na kimekuja na sijasikia chochote. Wangekichoma kilabu na mimi nikiwa nimesimama nje, ningewaonyesha viberiti vilipo.

Katambuga moja tu limebaki. La saba, kwenye msumari uliopinda.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye kuandika wakati kivuli kilipoingia mlangoni. Nimeiacha kalamu ikaanguka. Alikuwa Kabula.

Amekonda kwa siku tatu hizi. Mikono yake imechubuliwa na kamba, kwa sababu yeye hawakumkataza. Alikuwa na kitu ndani ya kanga, kifuani, nikakitambua kabla hajakitoa. Katambuga la kulia. Nikasimama. Nikasema moyoni, anachukua lake aondoke kama wengine, na akitaka kunipiga nalo usoni sitainua mkono.

Nikamsogezea kiti asimame alifikie lile la kushoto vizuri. Nikamwambia, "Chukua, mwanangu. Ni haki yako."

Hakuchukua. Alipanda kwenye kiti, akaufuta ule msumari kwa kidole, akalitundika la kulia juu ya la kushoto. Yakakaa pamoja, yanagusana. Yakabembea kidogo kisha yakatulia.

"Sishushi," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Sharti lako linasema mwenyewe ndiye anayekuja kuyashusha. Atakuja mwenyewe."

Akashuka kitini. Akaniangalia, na sikuona msamaha, na sikuona chuki. Akasema, "Usiyafunike." Akarudi kwenye kamba.

Kwa hiyo nimekaa. Nimegeuza kiti, nimeuelekea ukuta. La kulia linadondosha maji, tone moja moja, sakafuni penye udongo pameanza kulowa. Kule chini nasikia wanaume wakivuta kwa pamoja, wanatulia, wanavuta tena. Kila wakitulia kwa muda mrefu kidogo nadhani wanasikiliza mwamba.

Nilizoea kumaliza kila ukurasa kwa kujifariji kuhusu kesho. Leo kesho siitaki. Nataka hii hii Alhamisi, iendelee na mvua yake na tope lake, isizame kabla sijaona mtu mrefu akiinama kwenye mlango wangu.

Mlango nimeuacha wazi. Ukurasa huu sijaufunga.